Ulanguzi wa Bei katika Soko la EVE Online: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa kutoka kwa vijana wanaoanza biashara kwenye EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za anga za juu, na kuniuliza kwa Kiswahili. Mengi ni yale yale, na mengi huja baada ya mtu kuumia. Nimejibu kwa kirefu pale ninapoona watu wanapoteza mali, na kwa kifupi pale ambapo jibu ni fupi.

Jita ni nini, na kwa nini kila mtu anaitaja?

Jita ni mfumo wa nyota katika kanda ya The Forge. Ndani yake kuna kituo ambacho wachezaji hukiita 4-4, kwa kuwa kiko kwenye mwezi wa nne wa sayari ya nne. Hakuna aliyeamuru hapo pawe soko kuu. CCP Games, kampuni ya Iceland iliyoutoa mchezo huu Mei 2003, iliruhusu biashara katika maelfu ya vituo. Wachezaji wenyewe ndio waliojazana Jita, muuzaji akimfuata mnunuzi na mnunuzi akimfuata muuzaji, mpaka pakawa kama Kariakoo: ukitaka kitu na hujui kinauzwa wapi, unaanzia hapo. Amarr, Dodixie, Rens na Hek nako kuna masoko, ila bei zao hutazama Jita inasemaje.

Shika na hili la pili. Ukiacha China wenye seva yao, wachezaji wote wako kwenye seva moja, Tranquility, iliyoko London. Michezo mingi huwagawa watu katika dunia mamia, kila moja na soko lake dogo. Hapa soko ni moja, na mtu mmoja mwenye fedha akikomba bidhaa Jita asubuhi, mchezaji wa Mombasa na wa Moscow wote wanaona bei mpya jioni.

Bei inapangwa na nani?

Na wachezaji. Karibu kila meli, kila risasi na kila bamba la chuma limechimbwa na mchezaji, likasafirishwa na mchezaji, likatengenezwa na mchezaji na kuuzwa naye. Meli ikilipuka imekwenda, na mwenyewe atarudi sokoni kununua nyingine. Ndiyo maana soko hili limeweza kuishi zaidi ya miaka 20: vita hula mali, na viwanda huijaza tena.

Vichache huuzwa na mchezo wenyewe kwa bei isiyobadilika, kwa mfano vitabu vingi vya ujuzi na michoro ya msingi ya kutengenezea vitu. Hivi havilanguliki, kwa sababu haviishi. Hata hivyo wapo wanaovinunua kwa bei ya dukani na kuvipandisha mara tano kwenye kituo cha jirani, wakimngoja mgeni mvivu. Kabla ya kununua kitabu, angalia kanda nzima, usiangalie kituo ulichosimama tu.

Oda ya kuuza na oda ya kununua zina tofauti gani?

Oda ya kuuza inasema: ninacho, nataka kiasi hiki. Oda ya kununua inasema: sina, nitalipa kiasi hiki. Pengo la katikati ndilo mkate wa mchuuzi. Unaweka oda ya kununua chini, ya kuuza juu, unasubiri. Oda hukaa hadi siku 90. Ukilipa makato ya dalali na kodi ya mauzo, kinachobaki ni chako. Viwango vya makato hayo CCP huvibadilisha mara kwa mara, kwa hiyo usiviamini vile ulivyosoma mwaka juzi. Fungua dirisha la oda uvione vya leo.

Ulanguzi ni nini hasa? Kununua bei rahisi na kuuza bei ghali si ndiyo biashara yenyewe?

Ndiyo, na huo si ulanguzi. Anayenunua Amarr kwa milioni 2 za ISK, fedha ya mchezo, na kuuza Jita kwa milioni 3 amefanya kazi. Amebeba mzigo, amehatarisha meli yake njiani Uedama ambako maharamia hungojea wasafirishaji, na mnunuzi wa Jita amepata kitu ambacho hakikuwapo.

Mlanguzi hajaleta kitu. Anakiondoa kilichopo, anakificha, halafu anakurudishia kwa bei aliyoibuni. Wazee wetu Tanzania wanalijua neno hili vizuri tangu msako wa walanguzi na wahujumu uchumi wa mwaka 1983, na hata leo kila mwezi wa Ramadhani ukikaribia utasikia watu wakinong'ona kuhusu nani amehodhi sukari. Tabia ni ile ile. Tofauti ni kwamba kwenye EVE hakuna mkuu wa wilaya wa kuja kufungua ghala.

Mlanguzi mmoja anafanyaje, hatua kwa hatua?

Nitakupa mfano mmoja tu na nitaurudia huko mbele, kwa sababu ukiuelewa huu umeelewa mingine yote.

Chukua kifaa fulani cha ngao kisichotumiwa na wengi. Kinauzwa vipande 12 hivi kwa siku, kwa milioni 3 kila kimoja. Sokoni Jita vipo 40. Mlanguzi anaingia Jumamosi usiku na kuvinunua vyote 40. Vya kwanza anavipata kwa milioni 3, vya mwisho kwa milioni 4 na ushee. Jumla anatoa milioni 150. Sasa soko ni tupu.

Anaweka vipande 5 kwa milioni 9. Vitano tu, maana akiweka 40 kila mtu ataona kwamba bidhaa ipo tele. Kisha mhusika wake wa pili ananunua viwili kati ya hivyo vitano kwa milioni 9. Fedha imetoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, kasoro makato. Lakini kwenye historia ya bei sasa imeandikwa kwamba leo kifaa hiki kimeuzwa kwa wastani wa milioni 9, na maandishi hayo hayasemi nani alimuuzia nani.

Hapo ndipo watu wanaanza kuja. Wa kwanza ni yule ambaye anakihitaji kweli, meli yake iko tayari na wenzake wanamsubiri vitani. Atalipa 9 huku akilalamika. Wa pili ni hatari kwake mwenyewe: ni yule anayeona mstari unapanda na kufikiri kwamba kesho itakuwa 14. Huyu hahitaji kifaa, anataka faida, na ndiye mlanguzi anayemwombea aje.

Piga hesabu. Akiuza vipande 17 kwa milioni 9 amepata milioni 153, mtaji umerudi. Vinavyobaki 23 ni faida, hata akivitupa kwa milioni 4.

Lakini naye ana saa inayomkimbiza. Wenye michoro ya kifaa hicho wameona 9. Wasafirishaji wameona kwamba Dodixie bado ni 3. Ndani ya siku mbili tatu mizigo inaingia, na kila anayeingia anaweka chini kidogo ya mwenzake: 8, 7, 5. Asipokuwa ameuza 17 zake kufikia hapo, amenaswa na mtego aliouweka mwenyewe. Nimewaona wengi waliobaki na ghala lililojaa, na hakuna aliyekuja kuwasimulia wenzake.

Nitajuaje kwamba bei imechezewa?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike yote haya, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Bei unayoiona kwenye oda ya kuuza ni ombi la mtu. Hata mimi naweza kuweka risasi moja kwa bilioni 1 sasa hivi na itaonekana. Thamani huanza kuonekana pale mtu mwingine, asiye ndugu yako, anapotoa fedha. Kwa hiyo kabla ya kusoma bei, soma kiasi kilichouzwa.

Fungua historia ya bei ya bidhaa hiyo kwenye dirisha la soko. Juu kuna nukta na mistari ya bei, chini kuna nguzo ndogondogo zilizosimama. Kila nguzo ni siku moja, na urefu wake ni idadi ya vipande vilivyouzwa. Wageni wote hutazama mistari ya juu. Wewe anza na nguzo.

Kwa kifaa chetu cha ngao, ungeona hivi. Wiki tatu za nguzo fupi zilizolingana, 10, 12, 14, na bei inatambaa karibu na milioni 3. Jumamosi nguzo moja ndefu, zaidi ya 50. Jumapili nguzo ambayo karibu haionekani, vipande 2, na hapo hapo nukta ya bei imeruka hadi 9. Ukiiona picha hiyo, nguzo ndefu ikifuatiwa na kisiki na bei juu ya kisiki, funga dirisha. Mahitaji ya kweli yakipanda, nguzo hubaki ndefu siku baada ya siku, kwa sababu watu wengi wananunua kwa sababu zao. Bei ikipanda huku mauzo yamekauka, kuna mkono wa mtu.

Kisha tazama masoko mengine. Kama Amarr na Dodixie bado ni milioni 3 na Jita ni 9, hakuna uhaba wa kitu duniani, kuna uhaba Jita tu, na utaisha mizigo ikifika.

Tatu, jiulize kama kuna sababu. Je, CCP imetangaza mabadiliko ya meli inayotumia kifaa hicho? Je, kuna vita kubwa imeanza? Wakati wa mapigano ya B-R5RB, Januari 2014, meli 75 za aina ya Titan, zilizo kubwa kuliko zote, ziliteketea kwa siku moja, na vita yenyewe ilizuka baada ya malipo ya kumiliki eneo hilo kutolipwa. Baada ya kitu kama hicho, madini kupanda bei ni haki yake. Kama umetafuta sababu na hukuipata, na bado bei ni mara tatu, sababu ni mtu.

La mwisho ni masikio. Mtu anayekwambia kwenye gumzo la Jita kwamba bidhaa fulani itapanda, tayari anayo.

Mbona hawalangui Tritanium?

Madini hayo huuzwa kwa mabilioni ya vipande kila siku katika The Forge, na wachimbaji ni kila mtu. Kuyakomba ni kama kuteka bahari kwa kata. Walanguzi hupenda bidhaa chache, zinazotengenezwa na wachache, zinazohitajika kwa haraka.

Kuna waliowahi kulishika soko zima, si bidhaa moja ndogo?

Wapo, na walichofanya kinastahili kujulikana na kila anayeshika biashara hapa. Walielewa kwamba huna haja ya kununua bidhaa kama unaweza kumzuia anayeizalisha.

Oktoba 2011 muungano wa wachezaji uitwao Goonswarm ulianza kuwashambulia wachimba barafu katika maeneo ya Gallente, moja ya himaya za mchezo. Barafu ya huko hutoa isotopu za oksijeni, ambazo meli kubwa na minara ya Gallente huzitumia kama mafuta. Walikuwa wamejaza maghala kwanza, kimya kimya. Kisha meli za uchimbaji zikaanza kulipuka katika maeneo yanayodhaniwa kuwa salama. Polisi wa mchezo waliwaangamiza washambuliaji kila mara, lakini chombo cha mshambuliaji kilikuwa cha bei chee na cha mchimbaji ghali. Bei ya isotopu ikapaa, na waliokuwa na maghala wakauza.

Mwaka uliofuata ikaja OTEC, jina lililofuata mfano wa OPEC, muungano wa waliomiliki miezi yenye madini ya technetium. Toleo la Dominion la Desemba 2009 lilikuwa limebadilisha mapishi ya viwanda hivi kwamba vifaa vingi vya daraja la pili vilihitaji technetium, na miezi hiyo ilikuwa imelundikana kaskazini. Maadui waliokuwa wakipigana miaka yote waliketi wakakubaliana kutogombania miezi na kutouza chini ya bei. Kila mchezaji aliyenunua kifaa cha daraja la pili wakati huo aliwalipa ushuru bila kujua. CCP iliuvunja kwa njia ninayoiheshimu: haikumfungia mtu, ila Agosti 2012 iliruhusu technetium kupatikana kwa kubadilisha madini mengine ya bei nafuu, na Juni 2013 ikapanga upya rasilimali za miezi. Ukiritimba ukakosa msingi wa kusimamia.

Aprili 2012 Goonswarm hao hao waliamua kuichoma Jita yenyewe. Kwa siku kadhaa waliwalipua wasafirishaji waliokuwa wakiingia na kutoka 4-4. Walitangaza mapema, na CCP badala ya kuwazuia iliandaa seva ihimili umati. Wenye akili waliacha kusafirisha wiki hiyo na wakauza walichokuwa nacho ndani ya kituo.

Wastani wa bei unaoonyeshwa na mchezo unaweza kudanganywa?

Ndiyo, na mwaka 2012 ulidanganywa kwa kiwango ambacho kiliwashangaza hata waliouweka. Toleo la Inferno lilileta utaratibu mpya katika vita vya majeshi ya himaya: ukiharibu meli ya adui unapewa pointi kulingana na thamani ya meli na mzigo wake. Thamani hiyo ilisomwa kutoka kwenye wastani wa bei wa soko.

Wachezaji watano wakaona mlango. Walichagua vitu ambavyo karibu havinunuliwi kabisa, wakauziana wao kwa wao kwa bei za ajabu mpaka wastani ukapanda, kisha wakavipakia kwenye meli za bei chee za wahusika wao wengine waliojiandikisha jeshi la adui, wakazilipua wenyewe. Pointi zikamiminika. Walizigeuza kuwa bidhaa kwa wakati ambao upande wao ulipata punguzo kubwa, na inasemwa mavuno yalifika trilioni 5 za ISK. CCP ilifunga mlango huo na kuwanyang'anya faida.

Ninalirudia tukio hili kwa sababu liko wazi sana. Mchezo wowote unaoiamini bei ya bidhaa isiyouzika umemkabidhi mlanguzi kalamu. Nawe ukitumia tovuti au programu inayokwambia mali yako ina thamani ya bilioni kadhaa, fahamu kwamba inasoma namba zile zile.

Niliona oda ya kununua ya bei kubwa, nikanunua bidhaa ili niwauzie, ikakataa. Kwa nini?

Pole. Nami nilipigwa hivyo hivyo mwaka wangu wa kwanza.

Niliona kifaa adimu kinauzwa Jita kwa milioni 95, viko viwili tu. Chini yake, oda ya kununua kifaa hicho hicho kwa milioni 180. Moyo ulinienda mbio, nikaogopa mwingine ataniwahi. Nikavinunua vyote viwili, karibu kila nilichokuwa nacho. Nikabonyeza kuuza. Mfumo ukakataa. Nikabonyeza tena. Baadaye ndipo nikausogeza mshale kwenye safu ya mwisho ya oda ile na kusoma: kiwango cha chini, vipande 10. Katika kanda nzima havikuwapo vipande 10. Aliyeweka oda ya kununua na aliyeniuzia alikuwa mtu mmoja. Niliviuza viwili vile kwa milioni 6 kila kimoja wiki moja baadaye. Milioni 178 zilikwenda. Nilikaa siku tatu bila kuingia mchezoni.

Zamani kulikuwa na mbinu mbaya zaidi. Ujuzi ulioitwa Margin Trading ulimruhusu mtu kuweka oda ya kununua akitanguliza sehemu tu ya fedha. Alihamisha zilizobaki, na ulipomuuzia, oda ilifutika kwa kukosa salio. CCP iliuondoa uwezo huo mwaka 2020. Ya kiwango cha chini bado ipo, kwa hiyo soma kila safu kabla ya kubonyeza.

CCP inaruhusu haya yote?

Kuhodhi, kupandisha bei na hata utapeli mwingi ndani ya mchezo si makosa. Kampuni inauchukulia ulimwengu wa EVE kuwa mgumu kwa makusudi. Yasiyoruhusiwa ni kujifanya mfanyakazi wa CCP, kuwatapeli wageni kwenye mifumo iliyotengwa kwa ajili ya wanaojifunza, kutumia programu zinazocheza badala ya mtu, na kuuza ISK kwa fedha halisi.

Mimi sikubaliani na wanaosema kwamba kwa kuwa inaruhusiwa, basi ni sawa kumfanyia yeyote. Kupambana na mlanguzi mwenzako mwenye matrilioni ni mchezo. Kumvua mtu aliyeingia juzi fedha yake yote ni kumfukuza, na soko lisilo na wageni linakufa. Katika kundi letu hatufanyi hivyo.

Mbona watu walikuwa wakishushana kwa senti moja?

Hayo yamekwisha. Zamani ukiweka kitu kwa 3,456,000, mwenzako aliweka senti moja chini na akawa wa kwanza kwenye foleni, nawe ukarudi ukashusha senti nyingine, siku nzima. Mwaka 2020 CCP iliamua bei itumie tarakimu nne za mwanzo tu. Sasa ukitaka kumpita wa 3,456,000 lazima ushuke hadi 3,455,000, na kubadilisha oda kunalipiwa. Mwenye kazi ya mchana alifaidika sana na mabadiliko hayo.

PLEX nayo inalanguliwa?

PLEX ni kitu ambacho mmoja hununua kwa fedha halisi kutoka CCP na kukiuza kwa ISK kwa mwingine. Vipande 500 hulipia mwezi mmoja wa akaunti kamili. Ilianza 2008. Soko lake ni kubwa mno kwa mtu mmoja kulikomba, lakini hutikiswa na tetesi: CCP ikitangaza punguzo la PLEX bei hushuka, likiisha hupanda, na wapo wanaoishi kwa kubahatisha tarehe hizo. Ukiinunua ili ulipie akaunti yako, nunua wiki kadhaa kabla hujaihitaji.

Naweza kupata hela ya kweli kwa biashara hii?

Hapana, si kwa njia halali. Mwaka 2009 mchezaji aliyekuwa akiendesha benki ya wachezaji iitwayo EBANK alichota ISK bilioni 200 za wateja na kuziuza nje kwa fedha halisi. Kumwibia mteja ndani ya mchezo hakukuwa kosa kwa CCP. Akaunti zake zilifungwa kwa sababu ya kuuza ISK. Mtu akikwambia umtumie pesa kwa simu akupe ISK, utapoteza pesa, au akaunti, au vyote.

Michezo mingine ina matatizo haya?

Yote yenye soko. RuneScape ya Jagex ilifungua Grand Exchange Novemba 2007, na mwanzoni bei haikuruhusiwa kwenda zaidi ya asilimia 5 juu au chini ya bei elekezi. Badala ya kuwazuia walanguzi, hilo liliwapa ngazi. Vilianzishwa vikundi ambavyo viongozi walinunua kwanza, kisha wakawatangazia wanachama wa kawaida kwamba bidhaa ya wiki ni hii, na wanachama wakainunua kutoka kwa viongozi wao bila kujua. Kikomo cha kununua kila saa 4 kinasaidia kwa sababu mtu mmoja hawezi kukomba, ila watu mia wanaweza. Toleo la Old School liliweka kodi ya asilimia 1 mwishoni mwa 2021, ikawa 2 mwaka 2025, na sehemu yake hununua vitu na kuviteketeza.

Diablo III iliweka mnada wa fedha halisi mwaka 2012 na kuufuta tarehe 18 Machi 2014, kwa kuwa watu waliacha kupigana na mazimwi wakabaki kununua.

Kwenye Counter-Strike 2 somo ni jingine. Tarehe 22 Oktoba 2025 Valve iliruhusu rangi 5 za silaha za daraja jekundu zibadilishwe kuwa kisu au glavu. Visu vilivyokuwa adimu vikaporomoka bei usiku ule ule, na rangi nyekundu zilizodharauliwa zikapaa. Hakuna mlanguzi mwenye nguvu kama kampuni inayoweza kuongeza mali kwa sasisho moja. Valve hiyo hiyo mwaka 2012 ilimwajiri mwanauchumi Yanis Varoufakis achunguze masoko yake, miaka mitatu kabla hajawa waziri wa fedha wa Ugiriki. CCP ilikuwa imetangulia: 2007 ilimchukua Eyjólfur Guðmundsson, msomi wa uchumi wa Iceland ambaye baadaye aliongoza Chuo Kikuu cha Akureyri. Ripoti za uchumi ambazo CCP hutoa kila mwezi ni za bure, na kwa mchuuzi zina faida kuliko gumzo la Jita mwaka mzima.

Nianze na mtaji gani?

Milioni 20 au 30 zinatosha kujifunza. Usiweke zaidi ya sehemu moja ya kumi kwenye bidhaa moja. Chagua vitu vinavyouzwa mamia kwa siku, vya kawaida, risasi na vifaa vya kukarabati meli. Faida ni ndogo kwa kipande, lakini hakuna atakayehangaika kukutegea.

Ni saa ngapi soko linafungwa?

Seva huzimwa kwa muda mfupi kila siku saa 11:00 za EVE, ambazo ni saa za UTC. Kwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hiyo ni saa nane mchana. Kigali, Bujumbura na Lubumbashi saa saba. Muscat saa tisa. Ukiwa umebeba mzigo, uwe umeshatia nanga kituoni dakika kumi kabla.